Imeili iliyofungwa ikigoma kutoka, tusiitume ikiwa wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Ile makala yenu ya kuwahimiza watu wafunge imeili zao kwa ufunguo, yaani wazigeuze maandishi yasiyosomeka mpaka kwa mwenye ufunguo wake, niliisoma mpaka mwisho na nikawapa wenzangu kazini waisome, maana ni kweli kabisa imeili ya kawaida haina bahasha, kila seva inayopitia inaweza kuisoma. Ila makala iliishia pale mtu anapomaliza kuinstoli programu na kutengeneza funguo zake. Mimi kazi yangu ni kuwasaidia watu na kompyuta zao na naona wengi wanakwama mbele ya hapo, siku ile mtu kaandika barua yake, kabonyeza tuma, na skrini inamwambia imeshindikana kuunganisha. Hiyo siku ndio naomba muiandikie, kwasababu ndio siku watu wanapoumia.

Nieleze kilichotokea. Kuna dada nafanya naye kazi, yeye anapokea malalamiko ya watu walionyanyaswa kazini kwao, wanamwandikia majina, tarehe, nani alifanya nini, vitu ambavyo vikisomwa na mtu asiyehusika mtu anapoteza kazi au zaidi ya kazi. Siku moja jioni alikuwa anamtumia wakili maelezo ya shahidi. Ufunguo wa wakili aliokuwa nao ulikuwa umepitwa na tarehe yake, kwahiyo programu ikataka kwanza ikachukue mpya kwenye seva ya funguo, ile ya kwenye intaneti watu wanakoweka funguo zao wenzao wazipate, na ikarudi na jibu kwamba hakuna seva ya funguo inayopatikana. Akajaribu tena. Akazima waifai akawasha. Akajaribu mara ya tatu, jibu lile lile, na wakati huo wakili anauliza kwa simu mbona haijafika. Akaondoa ile tiki ya kufunga, akatuma. Ikaenda papo hapo bila neno.

Kesho yake asubuhi alikuja mezani kwangu akasimama tu, akaniambia nimeituma wazi. Hatujui kama kuna mtu aliisoma, lakini barua ile sasa iko kwenye seva mbili ikiwa wazi na haiwezi kurudishwa. Nikakaa kwenye laptopu yake nikaandika amri moja, gpgconf --kill dirmngr, nikajaribu tena kuchukua ufunguo wa wakili, ukaja. Haikufika dakika. Tangu siku hiyo hii habari imenikaa moyoni, kwasababu yule dada hakuwa mzembe, alikuwa na programu sahihi na alijua kuitumia, kilichomuangusha ni sentensi moja kwenye skrini isiyosema ni muunganisho gani umekatika.

Na hapo ndipo tatizo lilipo Mhariri. Mtu akisikia kuunganisha anafikiria intaneti, basi. Lakini kwenye hizi programu za OpenPGP, ule utaratibu wa kufunga barua kwa funguo, kuna miunganisho zaidi ya mmoja na kila mmoja unaweza kufa peke yake huku mingine ikiwa hai. Upo ule wa programu ya imeili kwenda kwenye seva ya barua, upo wa kwenda kutafuta funguo za watu wengine, na upo ambao wengi hawajui kama upo, wa ndani ya kompyuta yenyewe, programu moja ikiongea na nyingine kwenye mashine hiyo hiyo. Kuna watu nimewakuta wameshazima ruta mara tano wakati tatizo lao halihusiani na ruta hata kidogo.

Kitu ambacho ningependa kila msomaji wako akishike ni hiki: kufunga barua kwenyewe hakuhitaji mtandao. Ukishakuwa na ufunguo wa wazi wa unayemwandikia, ule wa kufungia tu anaowagawia watu, wakati wa kufungulia ni wa siri na anabaki nao mwenyewe, na bado haujapitwa na muda, unaweza kuchomoa waya, ukazima waifai, ukakaa chini ya mti, na barua ikafungwa vizuri tu kwasababu hesabu yote inafanyika ndani ya mashine yako. Kwahiyo eroo ya muunganisho karibu kila mara sio eroo ya kufuli, ni eroo ya njia, na njia ikiziba hakuna sababu ya kuvunja kufuli. Yule dada angeweza kumwambia wakili, nitumie ufunguo wako wa wazi kama faili kwenye imeili ya kawaida, maana ule wa wazi sio siri, alafu wakasomeana kwa simu ile alama ya ufunguo, herufi na tarakimu 40 kwa funguo nyingi tunazotumia, wahakikishe ni ule ule, na barua ikaondoka imefungwa bila kuigusa seva ya funguo kabisa.

Sasa niingie kwenye seva za funguo maana ndiko yule dada alikokwama. Kwenye GnuPG, programu ya bure inayofanya hiyo kazi ya OpenPGP, anayeenda kutafuta funguo ni kijiprogramu kinaitwa dirmngr, kinakaa nyuma kimya kimya. Kikijaribu kufika kwenye seva wakati mtandao haupo, mfano umefungua laptopu tu imetoka kulala na waifai bado haijashika, kinaiwekea ile seva alama kwamba imekufa, na alama hiyo inabaki kwa muda hata mtandao ukisharudi. Wewe unafungua kurasa za intaneti vizuri, video zinacheza, lakini chenyewe kinashikilia kwamba hakuna seva. Ndio maana kukiua kinatosha, kinaamka upya na kujaribu tena. Wakati mwingine shida ni IPv6, ule mfumo mpya wa anwani za mtandao, mtandao unasema unaipitisha kumbe haifiki popote, hapo unaweka disable-ipv6 kwenye faili la dirmngr.conf alafu unakiua tena kisome setingi mpya.

Alafu kuna maelekezo ya zamani yaliyozagaa. Ukikuta mahali unaambiwa uweke anwani yenye sks-keyservers.net jua ni ya zamani, ule mkusanyiko wa seva ulizimwa mwaka 2021 na hautarudi hata ujaribu mara mia. Dalili za kuchoka zilianza kabla, mwaka 2019 watu wenye nia mbaya walizijaza funguo za Robert J. Hansen na Daniel Kahn Gillmor, wote wanajulikana sana kwenye kazi hii, kwa sahihi za uongo maelfu kwa maelfu (sahihi hapa ni alama ya mtu mwingine kuthibitisha kwamba ufunguo ni wa mwenyewe), na kwasababu zile seva zilijengwa zisifute kitu chochote basi hazikuweza kuzitoa. Aliyechukua funguo hizo aliona programu imeganda, mtu anadhani neti iko chini kumbe mashine inahangaika na mzigo wa sahihi. Mwaka huo huo ikaja keys.openpgp.org ambayo haigawi zile sahihi za watu wengine na haitoi jina na imeili ya mtu mpaka mwenyewe athibitishe kwa kubonyeza linki anayotumiwa. Ni jambo zuri, ila lina matokeo yake: kama mwenye ufunguo hakuthibitisha, ufunguo unakuja bila jina na GnuPG inakataa kuuingiza, na wewe unaona tu imeshindikana. Hapo usihangaike na mtandao, mwambie mwenzako akathibitishe imeili yake.

Na zile seva za funguo za zamani zinaongea kwenye poti 11371, poti ni kama mlango wenye namba kwenye seva, ambayo fayawoli nyingi za maofisini zimeifunga. Ukitumia anwani inayoanza na hkps:// inapita kwenye 443, poti ile ile ya kurasa za kawaida zenye usalama, na mara nyingi hapo tatizo linaisha lenyewe.

Muunganisho wa ndani ya mashine ndio unawachanganya watu kuliko yote. Ufunguo wako wa siri hautunzwi na programu ya imeili, kwenye GnuPG unatunzwa na kijiprogramu kingine, gpg-agent, na yeyote anayetaka kutumia ufunguo anamuomba yeye kupitia faili maalumu linaloitwa soketi, na yeye akihitaji paswedi anafungua kidirisha cha pinentry. Ukiona ujumbe kwamba imeshindikana kuunganisha na ajenti, jua ni hapa hapa nyumbani, intaneti haihusiki. Mara nyingi sababu ni kwamba umeapdeti GnuPG na ajenti wa zamani bado yuko hai, unaandika gpgconf --kill gpg-agent na mpya anaamka mwenyewe ukimhitaji. Sababu nyingine nimeikuta mara nyingi zaidi ya nilivyotegemea, mtu aliwahi kuendesha gpg akiwa na mamlaka ya msimamizi wa mashine, mafaili kwenye folda yake ya .gnupg yakageuka kuwa mali ya root, ndio huyo msimamizi, tangu hapo akirudi kama mtumiaji wa kawaida hawezi kuyagusa na hakuna ujumbe unaomwambia hivyo wazi wazi, unarudisha umiliki wa folda kwake na kila kitu kinaamka. Na kama unafanya kazi kwenye terminali na unaona malalamiko ya ajabu kuhusu ioctl, ni kile kidirisha cha paswedi hakijui kijitokeze wapi, unaandika export GPG_TTY=$(tty) na kinajitokeza.

Wale wa Thunderbird, ile programu ya imeili, nao nina neno nao. Tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ile Enigmail, kiongezeo kilichokuwa kinaiunganisha na GnuPG, haitumiki tena, Thunderbird ina OpenPGP yake ya ndani na ina ghala lake la funguo ambalo sio lile la GnuPG. Kuna watu mpaka leo wanatengeneza ufunguo kwenye GnuPG alafu wanashangaa Thunderbird inasema haioni ufunguo wa siri, wanadhani haijaunganika na ajenti, kumbe haiongei na ajenti kabisa isipokuwa umeiambia, kama wanavyofanya wenye funguo kwenye smatikadi. Ufunguo unatolewa kwenye GnuPG kama faili na kuingizwa Thunderbird. Basi.

Kwenye seva ya barua yenyewe makosa ni machache na yanajirudia. Kupokea kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizoko kwenye seva) iliyofungwa ni poti 993, kutuma ni 465 ukichagua SSL/TLS, yaani njia inafungwa tangu mwanzo, au 587 ukichagua STARTTLS, yaani inaanza wazi alafu inafungwa. Ukizichanganya, mfano umeweka 465 alafu ukachagua STARTTLS, programu inasubiri salamu ambayo seva haitoi kwa namna hiyo, inakaa kaa alafu inakata. Poti 25 usiitumie kutuma kutoka nyumbani, makampuni mengi ya intaneti yameifunga kwasababu ya barua taka. Kama programu yako ni ya zamani sana na ilikuwa inafanya kazi ikaacha ghafla bila wewe kugusa kitu, fikiria TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya hiyo njia ya kufunga, zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati mwaka 2021 na seva nyingi hazizipokei tena. Au ni paswedi, Google waliacha kupokea paswedi ya kawaida kutoka programu za nje kwa akaunti binafsi mwaka 2022, na Microsoft wakaanza kufunga hivyo hivyo kwenye Exchange Online, huduma yao ya imeili za maofisini, mwezi Oktoba mwaka huo huo, na programu badala ya kusema paswedi yako haikubaliki nyingine zinasema tu kuunganisha kumeshindikana. Wanaotumia Proton Mail, huduma ya imeili inayofunga barua yenyewe, kupitia kile kidaraja chake (Bridge) kinachoiunganisha na programu ya imeili kwenye kompyuta, anwani ya seva ni 127.0.0.1, yaani mashine yako mwenyewe, kwahiyo ukiambiwa muunganisho umekataliwa angalia kwanza kama kidaraja kimewashwa, na paswedi ni ile kinayokupa chenyewe, sio ya akaunti.

Naomba nikae kidogo kwenye saa, maana hii imewahi kunichukua nusu siku. Mzee mmoja aliniletea laptopu yake, kila kitu kimegoma. Programu ya imeili inasema cheti cha seva ya barua, yaani kitambulisho chake, hakijaanza kutumika. Kurasa za intaneti zinalalamika. Nikajaribu kufunga barua ya majaribio kwa ufunguo wake mwenyewe, GnuPG ikasema ufunguo huo umetengenezwa wakati ujao. Nilikuwa nimeshaanza kuangalia vyeti kimoja kimoja ndipo nikatupa macho kwenye kona ya chini ya skrini, tarehe ilikuwa miaka kadhaa nyuma. Ile betri ndogo ya duara kwenye ubao wa mama ilikuwa imekwisha, kila akizima mashine saa inarudi nyuma. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ufunguo wa OpenPGP una tarehe ya kuzaliwa, na kompyuta isiyojua leo ni lini haiwezi kukubali hata kimoja. Tukarekebisha saa, vyote vikakubali kwa pamoja, na betri tukabadilisha baadaye. Sasa hivi kitu cha kwanza ninachokiangalia nikikaa kwenye mashine ya mtu ni tarehe na saa, kabla sijauliza swali lolote.

Kuhusu lile dirisha la kutisha linalosema cheti cha seva hakiaminiki na lina kitufe cha kukubali hivyo hivyo, hapa naomba wasomaji wanisikilize sana. Usikibonyeze ukiwa na haraka. Inaweza kuwa saa kama kwa yule mzee, inaweza kuwa waifai ya mahali pa umma ambayo bado inataka uingie kwenye ukurasa wake kwanza, hapo fungua ukurasa wowote kwenye brauza umalizane nao alafu urudi. Inaweza kuwa antivairasi yako inayojiweka katikati ikague barua na kuleta cheti chake badala ya cha seva. Na inaweza kuwa kweli kuna mtu katikati. Hayo yote yanaonekana sawa kwenye skrini. Ukikubali bila kujua ni lipi, paswedi yako ya imeili umemkabidhi yeyote aliyeko pale. Ile ya kidaraja cha 127.0.0.1 ni tofauti kwasababu cheti kimetengenezwa ndani ya mashine yako, hiyo ni kawaida, lakini hakikisha anwani ni hiyo kweli kabla ya kukubali.

Nilishasoma utafiti wa mwaka 1999 wa Alma Whitten na J. D. Tygar, waliwapa watu 12 programu ya PGP 5.0 na dakika 90 wafunge barua na kuitia sahihi, theluthi moja tu wakaweza, na 3 kati ya wote 12 wakatuma siri yenyewe ikiwa wazi bila kukusudia. Watu hao walikuwa wasomi na walikuwa wanaijua imeili vizuri. Tunachomfanyia mtumiaji leo sio tofauti sana, tumempa kitufe kizuri cha kufunga na sentensi moja ya kushindwa inayotumika kwa mambo kumi, na kando yake tukaacha kitufe kingine cha kutuma wazi ambacho hakijawahi kugoma.

Kwahiyo maombi yangu Mhariri ni mawili. La kwanza, mkiandika tena kuhusu usalama wa imeili tengeni nafasi ya kueleza pale inapogoma, kwa Kiswahili cha kawaida, na muwaambie watu wasome ujumbe wa eroo neno kwa neno na kuuandika mahali kabla ya kubonyeza chochote, kwasababu anayekuja kukusaidia akiambiwa tu "imegoma" anaanza na sifuri, lakini akiambiwa "imesema ajenti" au "imesema 127.0.0.1" ameshajua ni muunganisho upi. La pili, kuna wasomaji wako wanaojua kutafsiri programu, hizi nyingi ni za chanzo huria na ujumbe wake unaweza kuandikwa kwa Kiswahili na mtu yeyote mwenye moyo. Wakifika kwenye zile sentensi za kushindwa wasitafsiri neno kwa neno tu, waandike ni nini hasa hakikuunganika na nini. Mimi niko tayari kusaidia hiyo kazi jioni baada ya saa za ofisi.

Yule dada wiki iliyopita imegoma tena. Safari hii alinipigia simu akanisomea ujumbe wote pole pole, herufi kwa herufi, ilikuwa upande wa seva ya kutuma, mtandao wa alikokuwa ulikuwa umefunga 587. Barua ilikuwa kwenye rasimu ikiwa imefungwa, maana siku hizi ile setingi ya kuhifadhi rasimu zikiwa zimefungwa tumeiwasha kwenye mashine zote. Nikamwambia ajaribu 465 akabadilisha, ikakataa nayo. Akaniuliza afanyeje, nikamwambia iache hapo hapo. Aliituma saa mbili usiku alipofika kwenye mtandao mwingine.

Ni mimi msomaji wenu, fundi wa kompyuta.